Kitufe kimehama, sisi tumebaki inje

Kwa vijana wa Mbunya, Nyakasanza na Shari, kwa wote wenye kusoma valve za ma-ONG kila asubuhi, na kwa wakubwa wenye kuandika yale matangazo.

Vijana wenzetu,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya kukatika kwa umeme. Tunaandika juu ya jambo lenye wakubwa wataita dogo: zile programu za kompyuta zenye mabiro ya hapa Bunia yanatumia kwa kupanga kazi, nani afanye nini na amalize lini, na namna zinabadilishwa sura kila mara. Mtatuuliza: nyinyi hamna kazi, programu ya biro inawahusu nini? Inatuhusu sana. Siku hizi ndiyo inasimama mlangoni na kuamua nani aingie.

Tuanze na habari moja.

Moja wetu alimaliza masomo ya usimamizi, miaka tatu sasa imepita. Tangu siku ile anaishi kwa kuuza mega na kutumia watu pesa kwa simu, meza yake iko kandokando ya Boulevard de Libération. Mwaka jana aliona tangazo: wanatafuta msaidizi wa mradi. Masharti yalikuwa mengi, lakini moja liliandikwa kwa herufi nzito: mwenye kuomba ajue vizuri kabisa programu ya kupanga miradi, na jina la programu lilitajwa. Hakuwa na kompyuta. Akawa anaenda jioni kwenye sekretaria moja ya fotokopi, analipa saa moja moja, wakati groupe inawaka. Usiku alipakua video, juu usiku mega ni bei kidogo. Alijifunza wiki tatu. Alijua kwa kichwa orodha ya kushoto ni ya nini, kitufe cha juu kinafungua nini, tarehe ya mwisho inawekwa wapi.

Wakamwita kwa testi. Alivaa shati ya harusi ya kaka yake, akapanda moto, akafika mbele ya saa. Swali lilikuwa nzuri, sisi hatuna neno juu ya swali: kuna kambi ya watu waliokimbia vita, kuna vifaa vya kugawa, kuna magari matatu, kuna wiki nane, mvua inakuja. Panga kazi. Dakika 45.

Akafungua programu. Sura ilikuwa ingine. Orodha ya kushoto haiko. Kitufe cha juu kimehamishwa. Majina yenye alijifunza yamebadilishwa, vitu viwili vimeunganishwa kuwa kimoja. Video zake zilikuwa za sura ya zamani. Nusu saa nzima alitafuta mahali pa kuweka tarehe na mahali pa kuandika jina la mwenye kufanya kazi. Alipoona saa inaisha, alitoa kalamu na karatasi, akachora mpango wote: kazi kumi na moja, kila moja na mwenyewe, kila moja na wiki yake, na akaandika pembeni kwamba magari ya kwanza yaende njia yenye tope mbele ya mvua. Akamupatia msimamizi. Jibu lilikuwa fupi: “Karatasi hatupokei, mutoto wangu. Ni ndani ya mashine tu.”

Matokeo yalikuja kwa mesaji: hana uzoefu wa chombo. Hawakusoma ile karatasi.

Hatutaji biro ile, juu shida si ya biro moja. Waulizeni vijana kumi wenye wamepita kwenye testi za namna hii hapa mjini, mtasikia wengi wakisema habari ya ndugu yake huyu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Tuko na rafiki mwenye anafanya kazi kwenye biro ingine ya hapa hapa Bunia. Programu yao pia ilibadilishwa sura. Anatuambia ukweli wote: wiki ya kwanza watu walilalamika, mmoja alificha kazi za mwezi mzima bila kujua amebonyeza nini, shefu mwenyewe alikuwa anaita kijana wa informatike kila saa. Lakini walikuwa wameonywa mbele kwa barua. Wakapewa asubuhi mbili za mafunzo, na chai juu yake. Mwezi mzima waliruhusiwa kukosea, hakuna mtu alifukuzwa. Na mwisho wa mwezi mshahara ulikuja kama kawaida.

Mbona basi yule mwenye kulipwa anapewa mwezi wa kuzoea, na yule mwenye kuomba anapewa dakika 45? Mwenye intaneti ya biro bure anapewa mwalimu, na mwenye kununua mega kwa pesa ya sombe anaambiwa hajui kitu. Mtu wa ndani akikosea, wanasema programu imebadilika. Mtu wa inje akikosea kosa lile lile, wanasema vijana wa Bunia hawana kiwango.

Hapo ndipo hasira yetu iko.

Hatuna vita na mabadiliko yenyewe. Hizi programu zinabadilishwa na makampuni ya mbali kwa sababu zao za biashara, na hakuna mtu kule anafikiri juu ya Bunia, kwa wema wala kwa ubaya. Trello ilianza mwaka 2011. Mwaka 2017 kampuni ya Atlassian iliinunua kwa dola milioni 425, na mwaka 2025 ikaipatia sura mpya. Microsoft, mwaka 2024, ilikusanya To Do, Planner na Project for the web ndani ya Planner mpya moja. Na imetangaza kwamba Project Online itafungwa tarehe 30 Septemba 2026. Wazee wetu wa biro wanakumbuka Office ya mwaka 2007, wakati menyu zenye walizoea ziliondolewa na utepe wa vitufe ukawekwa juu. Siku zile walilalamika, leo hakuna mwenye anakumbuka kilio. Kwa hiyo mwenye kufunga macho na kujifunza kitufe kiko wapi, anajifunza kitu chenye kitakufa. Hata akishinda testi ya mwaka huu, mwaka kesho atakuwa mjinga tena.

Lakini kuna kitu chenye hakibadiliki, na ndicho kilikuwa kwenye ile karatasi.

Fungua programu yoyote ya kupanga miradi, ya zamani ama ya sasa. Chini ya rangi na vitufe utakuta maswali yale yale: kuna kazi gani? Nani anaifanya? Inaanza lini na inaisha lini? Kazi gani lazima iishe ndiyo ingine ianze? Imefika wapi? Ule mchoro wa mistari ya kulala yenye kuonyesha kazi na wiki zake unaitwa kwa jina la Mmarekani Henry Gantt, mwenye alikufa mwaka 1919. Injinia wa Polandi, Karol Adamiecki, alikuwa amechora kitu cha namna hiyo tangu mwaka 1896. Zile kadi zenye unasukuma kutoka “ya kufanya” kwenda “inaendelea” kwenda “imeisha” ni watoto wa kadi za viwanda vya Toyota kule Japani, kazi ya Taiichi Ohno na wenzake, zamani sana mbele ya intaneti. Microsoft Project yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 1984. Toka siku ile imebadilishwa nguo mara nyingi. Mwili ni ule ule.

Na huo mwili Bunia inaujua. Mama mwenye kuleta samaki kutoka Kasenyi anajua gari litoke saa ngapi, barafu iwe tayari lini, nani apokee sokoni, na kama njia imefungwa nini kifanyike. Vijana wenye kusimamia matanga wanagawa kazi usiku mmoja: wa hema, wa viti, wa chakula, wa kaburi, na saa nne asubuhi kila kitu kiko mahali pake. Hawajaona hata programu moja. Ukiwaweka mbele ya ekrani mpya bila kuwaonyesha, wataanguka testi. Je, hawajui kupanga?

Wanaoandika matangazo wanatujibu kwa maneno tunayoyajua. Tuyachukue moja moja.

Wanasema: “Jifunzeni wenyewe, iko bure kwenye simu.” Si kweli yote. Yenye iko bure mara nyingi ni nusu tu, na yenye biro inatumia inalipiwa, inafunguliwa kwa anwani ya biro, sisi hatuna anwani ile. Kwenye simu sura ni ingine kabisa, vitufe viko mahali pengine. Tena maelezo mapya yanatoka kwanza kwa Kiingereza, sisi tulisoma kwa Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili. Tunajifunza hivyo hivyo, lakini msituambie eti ni bure.

Wanasema: “Tunahitaji mtu wa kuanza kazi kesho, hatuna muda wa kufundisha.” Lakini wao wenyewe walipewa mwezi! Kama watu wenye miaka mitano ndani ya biro walihitaji asubuhi mbili za mafunzo, kwa nini kijana wa meza ya mega asihitaji hata nusu saa? Rafiki yetu wa ndani anasema baada ya siku kumi alikuwa anatembea peke yake. Siku kumi! Kwa siku kumi mnatupa mtu mwenye anajua mkoa, anajua lugha, anajua njia gani inapitika.

Wanasema: “Wenye uzoefu wako wengi, tuwachague hao.” Hilo ni kweli, na tunajua sababu. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 Julai mwaka ule USAID ikafungwa. Miradi ilikufa, na watu wenye miaka mingi ya kazi wakarudi kusoma valve pamoja na sisi. Hatuwachukii, ni kaka na dada zetu, wako na watoto wa kulisha. Lakini mkoa wetu tangu Mei 2021 uko chini ya état de siège, na kwa mwenye diploma mlango wa ma-ONG ni moja ya milango michache yenye imebaki. Kama ufunguo wa mlango huo ni kuwa umeshaingia mbele, basi hakuna mpya atakayeingia milele. Mtoto mwenye anaanza chuo leo anasomea nini?

Na sheria inasema nini? Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwekea mwajiri wajibu wa kuwafundisha wafanyakazi wake, kuwakamilisha, na kuwasaidia kuzoea kazi. Someni tena neno la mwisho: kuzoea. Kwa kazi hiyo kuna INPP, yenye iliundwa mwaka 1964. Kwa hiyo tunapoomba kufundishwa hatuombi sadaka. Mwajiri mwenye anataka mtu aje tayari amezoea ekrani ya biro yake, yenye hakuna mtu wa inje anaweza kuifungua, anatupa mzigo wake kwenye mabega ya mwenye hana kazi.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, juu haki haina upande mmoja.

Vijana wenzetu, CV zetu zinasema uongo. Tunanakili CV ya rafiki, tunabadilisha jina, na mahali pa kompyuta tunaandika “maîtrise parfaite” ya programu sita. Ingine hatujawahi kuifungua hata siku moja. Halafu testi inatuumbua, na msimamizi anatoka pale akisema wote ni wale wale. Yule mwenye alijifunza wiki tatu kwa jasho analipia uongo wa yule mwenye aliandika tu. Tuache. Andika: “Najua kupanga mradi. Nimetumia programu fulani sura ya zamani. Naweza kuzoea mpya kwa siku chache.” Hiyo ni kweli, na mtu mwenye akili ataiheshimu.

Kosa la pili: wengi wetu tunajifunza kama tunakariri katekisimu. Bonyeza hapa, halafu hapa, halafu hapa. Vyuo vimetuzoesha hivyo. Kuna wenzetu walifundishwa kompyuta ubaoni, kwa chaki, menyu zimechorwa kama ramani ya nchi yenye haiko tena. Ukikariri njia, na njia ikahamishwa, umepotea. Lakini ukijua unatafuta nini, kwa mfano “natafuta mahali pa kuandika jina la mwenye kazi”, utaangalia ekrani yoyote na utauliza swali lako mpaka ujibiwe. Kwanza chora kwa karatasi. Kisha tafuta kila kitu cha karatasi kimejificha wapi ndani ya mashine. Ukifanya hivyo kwa programu mbili, ya tatu haitakutisha.

Na ninyi wenzetu wenye mliingia ndani, tunawaambia kwa upendo: msifunge mlango na mgongo. Sura ikibadilika kwenye biro yenu, tupeni habari jioni ile. Saa moja ya siku ya posho, kompyuta moja, vijana nane nyuma yako, unaonyesha: hiki kilikuwa hapa, sasa kiko pale. Haikupotezei kitu.

Kwa mabiro yote ya Bunia yenye kutafuta watu, tunaomba haya, na tutayarudia mpaka yasikiwe:

Kwanza, tangazo liseme wazi ni programu gani na ni sura gani, ya zamani ama mpya. Kama mmebadilisha katikati, waambieni walioitwa, wiki moja mbele ya testi.

Pili, mbele ya saa ya testi kuanza kuhesabiwa, mpeni kila mtu nusu saa ya kuzunguka ndani ya programu na ukurasa mmoja wa maelezo. Nusu saa haitaua mradi.

Tatu, pokeeni karatasi. Pimeni mpango kwanza: je, kazi zimepangwa vizuri, watu wanatosha, mvua imefikiriwa? Vitufe viwe na alama zao, lakini ndogo.

Nne, mtu mkishamchukua, mumfundishe, kama Kanuni ya Kazi inavyosema. Na siku ya mafunzo acheni viti viwili kwa wale wa staji. Viti viwili tu.

Tano, kwa wakubwa wa vyuo: kufundisha kitufe kiko wapi kuishe. Mpeni mwanafunzi mradi wa kweli wa mtaa wake, choo cha shule, mtaro wa maji, na aupange kwa karatasi, halafu kwa programu mbili tofauti. Hapo ndipo mtatoa mtu mwenye hatapotea siku sura ikibadilika.

Haya yote hayahitaji bajeti mpya, wala mkutano wa Kinshasa, wala wageni kutoka mbali. Mtu moja wa rasilimali watu anaweza kuyaanza Siku ya Kwanza yenye inakuja, akitaka.

Tunajua kuna mtu atasoma na kusema: mji una vita pembeni, watu wanalala kambini, na ninyi mnalia juu ya vitufe. Tunamjibu: ni kwa sababu ya wale watu wa kambini. Ile karatasi ilikuwa na magari yao, vifaa vyao, na njia ya kuwafikia mbele ya tope. Mtu mwenye aliichora anajua ile njia, amepita pale na miguu yake. Aliyechukuliwa mahali pake pengine ni mtu mzuri, hatumjui. Lakini yeye alichaguliwa kwa sababu alijua kitufe kiko wapi, na siku nyingine kitufe kitahama tena.

Ile karatasi ingali iko. Iko ndani ya sanduku la meza ya mega, kwenye Boulevard, chini ya daftari la wateja. Imekunjwa mara nne. Biro yoyote ya Bunia yenye inataka kuisoma, iseme tu. Tutaileta wenyewe, kwa miguu.

Sisi vijana wa Bunia, wenye diploma na wenye kungojea.